Sukari na Sisi (4): Walioigomea sukari kabla ya serikali

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote zipandishe kwa kodi bei ya tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari, kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2035. Tangu hapo swali ninaloulizwa barazani ni moja tu: kodi itatuponya? Habari za kongosho na insulini tulishazimaliza, kwa hiyo leo nalijibu hili. Lakini anayenijua anajua siwezi kufika kwenye kodi bila kupitia Pangani.

Karne ya 19 bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, yule tuliyefundishwa shuleni kwamba aliongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa papo hapo Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Waliolima walikuwa watumwa. Vitabu vya shule hulipita jambo hili mbiombio, nami siku zote nimeona tunawapunja watoto. Shujaa anaweza kuwa bwana wa watumwa. Historia haikuandikwa kutufurahisha.

Kwa nini miwa hasa? Kwa sababu nazi inasubiri, muwa hausubiri. Ukishakatwa, sukari yake huanza kupotea, na maji yake yakikamuliwa yasipochemshwa upesi huchacha. Kwa hiyo wakati wa mavuno mkataji, mkamuaji na mchemshaji hukimbizana, jua hadi usiku. Watu huru wenye shamba lao la muhogo hawakuikubali kazi hiyo kwa ujira mdogo. Ndiyo maana, tangu Brazili hadi Jamaika, penye miwa mingi palikuwa na minyororo.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa muswada wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka huohuo William Fox akatoa kijitabu kuwataka Waingereza waache sukari ya visiwa vya Karibi. Alipiga hesabu ya dukani kabisa: familia inayotumia ratili 5 za sukari kwa wiki, ikiacha kwa miezi 21, itamwokoa binadamu mmoja asitiwe utumwani au kuuawa. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa ajili ya harakati hizo, alikadiria kwamba watu 300,000 hivi waliacha. Wanawake hawakuwa na kura, lakini meza ya chai ilikuwa yao. Miaka ya 1820, mjini Leicester, Elizabeth Heyrick alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi watu waigomee sukari hiyo, na wenye maduka wasiiuze. Vikatoka hata vibakuli vya sukari vilivyoandikwa kwamba iliyomo si ya jasho la watumwa.

Nasisitiza jambo moja. Hawakumwachia kila mtu apambane na ulimi wake peke yake. Waligoma kwa mitaa, na aliyealikwa chai chungu hakuona kwamba kanyimwa. Leo tunamwambia mgonjwa wa kisukari aache soda, halafu tunamketisha harusini mbele ya meza iliyojaa chupa. Huko ni kumcheza shere.

Kodi basi. Inafanya kazi: Meksiko, iliyoanza Januari 2014 kwa peso 1 kwa lita, ununuzi ulipungua. Uingereza tangu 2018 hutoza kwa kiasi cha sukari, na viwanda vikapunguza sukari vyenyewe kukwepa tozo. Ushuru wetu wa soda huhesabu lita, hauulizi sukari. Hilo Bunge likitaka litalirekebisha kwa aya moja.

Ila mimi navutiwa zaidi na Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani. Walifuta kodi ya matunda na mboga mbichi, kisha tangu Aprili 2015 wakatoza asilimia 2 ya ziada kwa vyakula na vinywaji visivyo na lishe. Fedha zikarudi kwenye mabaraza yao ya vijijini kwa miradi ya afya, bustani zikiwemo. Berkeley, California, wapigakura walipitisha mwaka 2014 senti 1 kwa aunsi, na jopo la wataalamu likaundwa kuishauri halmashauri itumieje mapato. Mlipaji aliijua njia ya fedha yake. Kwetu hapo ndipo pana kiza.

Kwa kuwa nafasi imeniishia, niseme kwa kifupi yasiyosubiri Dodoma. Kamati ya shule inaweza kuamua kesho kwamba soda haiuzwi ndani ya uzio, mradi iweke kwanza maji salama ya kunywa. Bila bomba katazo hilo ni uonevu. Kamati ya harusi inaweza kufuta nusu ya kreti kwenye bajeti na kuweka madafu. Na sisi wenye nyumba tuache kumuuliza mgeni "baridi au ya moto?" kana kwamba soda ndiyo heshima yake. Chupa ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, wakati kipimo bora cha siku nzima kwa mtu mzima ni 25.

Wiki ijayo: Chile na vibandiko vyake vyeusi.