Utunzaji wa nasaba za samaki wa akwaria

Utunzaji wa nasaba za samaki wa akwaria ni desturi ya kuzalisha samaki waliotoka mahali pamoja bila kuwachanganya na wa mahali pengine, na kuandika asili yao. Inafuatwa hasa na wafugaji wa Nothobranchius, jenasi ya samaki wadogo wa vidimbwi vya mvua katika Afrika, vikiwemo vya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Vidimbwi vikikauka samaki hufa, lakini mayai yao hubaki hai katika tope hadi mvua inayofuata.

Sababu

Kwa kuwa vidimbwi vimetengana, samaki wa spishi moja wanaweza kutofautiana kwa rangi na kwa jeni. Madume hutambulikana kwa rangi zao, lakini majike wa spishi nyingi hufanana sana, hivyo ni rahisi kukosea. Nasaba mbili zikishachanganyika haziwezi kutenganishwa tena.

Kumbukumbu

Jina la nasaba huonyesha spishi, mahali na safari ya ukusanyaji. Kwa mfano, katika "Nothobranchius furzeri MZM 04/10", MZM ni Msumbiji, 04 ni mwaka 2004 na 10 ni namba ya mahali. Mayai huhifadhiwa kwa wiki au miezi katika mboji yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Jina kamili na tarehe huandikwa juu ya mfuko wenyewe, maana mayai hayatambulikani kwa macho. Samaki ambao asili yao haijulikani hawapewi jina la mahali kwa kukisia.

Umuhimu kwa sayansi

Nasaba ya GRZ ya N. furzeri ilitoka Gonarezhou, Zimbabwe, mwaka 1968, ikatunzwa na wafugaji kwa miongo kadhaa. Baadaye wanasayansi waliichagua kuchunguza uzeekaji, kwa sababu huishi miezi michache tu. Nasaba zilizotoka Msumbiji huishi muda mrefu zaidi. Ulinganisho huo usingewezekana kama lebo zingepotea.

Mipaka

Kuzalisha kutoka jozi moja kwa vizazi vingi hupunguza tofauti za jeni, kwa hiyo hushauriwa kutumia jozi kadhaa. Samaki wa akwaria hawapaswi kuachiliwa porini, hata wenye kumbukumbu kamili, kwani wanaweza kupeleka magonjwa au kuchanganyika na wenyeji. Hifadhi ya kwanza ni kidimbwi chenyewe kisifukiwe.