Kushuka Rufiji kwa Mtumbwi Pamoja na Jamaa

Watu wengi wa bonde la Mto Rufiji wana ndugu zao huko chini, kwenye delta. Ikifika harusi au hitima, hutaka kwenda kuonana nao. Baadhi huamua kushuka kwa mtumbwi. Baba, mama, watoto, shangazi na mizigo yao, wote hupanda pamoja. Maji huwachukua taratibu, nao huzungumza njia nzima. Ni safari tamu. Lakini mambo yake makubwa huamuliwa nchi kavu, kabla mtumbwi haujaondoka bandarini.

Anzeni kwa kupanga safari ya kurudi. Wengi huisahau. Kushuka ni rahisi kwa sababu maji yanawasukuma. Kupanda ni kazi. Mtashindana na mkondo kwa upondo na kwa makafi. Njia mliyoshuka kwa siku moja inaweza kuwachukua siku mbili au zaidi kuipanda. Je, mna chakula cha siku hizo? Je, watoto watawahi shule? Jamaa wengine hurudi kwa gari. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi huvuka mto kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kama mtarudi kwa gari, wekeni nauli kando mapema. Na kama mtumbwi ni wa kuazima, elewaneni na mwenyewe ni nani atakayeurudisha.

Chagueni majira. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mto hujaa na mkondo huwa mkali. Magogo hushuka na maji. Huo si wakati wa kupakia watoto. Wakati wa kiangazi, Julai hadi Oktoba, mto hutulia. Mafungu ya mchanga hutokeza na mtumbwi huweza kukwama. Kukwama kwenye mchanga ni usumbufu tu. Mafuriko huua.

Wazee wetu waliujua mto kwa kuangalia mvua. Ujuzi huo bado una thamani, lakini sasa liko jambo jingine. Juu ya mto lipo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Milango ya bwawa ikifunguliwa, maji yanaweza kuongezeka huku chini hata kama kijijini kwenu hakujanyesha. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na nyumba. Kwa hiyo ulizeni ofisi ya kijiji. Sikilizeni redio siku chache kabla ya kuondoka.

Sasa tuje kwenye jambo gumu kuliko yote. Nalo ni idadi ya watu na mizigo.

Siku ya safari, kila mtu huja na chake. Huyu ana gunia la mpunga. Yule ana kuku na mkungu wa ndizi. Jirani naye anasikia kuna safari, anaomba nafasi. Watu huona haya kumkatalia. Ndipo mtumbwi wa watu sita unapobeba kumi.

Ipo njia rahisi ya kupima. Pakieni mizigo na watu kwenye maji mafupi, kando ya ukingo. Kisha pimeni kwa mkono, kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa mtumbwi. Pasipungue shibiri moja. Pakipungua, kitu kishuke. Gunia lishuke kwanza. Bado? Basi mtu ashuke. Mchagueni mapema mmoja wenu anayeujua mto, awe nahodha, na neno lake lifuatwe hata na wakubwa zake. Shangazi akikasirika, atakuja kupoa. Mtoto aliyezama harudi.

Jaketi za kuokolea maisha ndizo bora. Kama hazitoshi, wapewe watoto na wasiojua kuogelea. Pia chukueni madumu matupu ya lita 20, yaliyofungwa vifuniko sawasawa. Dumu huelea, na mtu mzima anaweza kulishikilia. Msimfunge mtoto kwenye mtumbwi kwa kamba, hata kama ni mtundu. Mtumbwi ukipinduka, kamba hiyo itamzuia kutoka. Waelezeni wote mapema kwamba mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji. Waushikilie, wasijaribu kuogelea kwenda ng'ambo. Msisahau kopo la kuchotea maji yanayoingia ndani, na kafi la akiba.

Viboko hukaa kwenye vina virefu mchana. Pitieni upande wenye maji mafupi, na mgongegonge ubavu wa mtumbwi ili wajue mnakuja. Kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Msiwe kati yake na kina hicho. Kwa sababu ya mamba, mikono isining'inie majini. Mkilala njiani, laleni mbali na ukingo, na msioshe vyombo mtoni gizani.

Mkikaribia delta, mto hubadilika. Bahari huingia ndani na kutoka. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Yakijaa, hupingana na mkondo nanyi mtapiga makafi bure. Yakipwa, yatawachukua. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, nguvu yake huwa kubwa zaidi. Njia za mikoko nazo ni nyingi, na nyingine zina kina kifupi. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Iliangamizwa Julai 1915, baada ya kuletwa meli za kina kifupi. Kwa hiyo tafuteni mwenyeji awaongoze. Bebeni maji ya kunywa kutoka juu, yaliyochemshwa, maana huko yana chumvi.

Kabla ya kuondoka, mwachieni mwenyekiti wa kitongoji majina yenu na siku ya kufika. Simu ifungeni kwenye mfuko wa plastiki, lakini msiitegemee sana.

Mkifika kwa ndugu zenu wakati maji yamekupwa, vuteni mtumbwi juu na mwufunge kwa kamba ndefu. Ukifungwa kwa kamba fupi, usiku maji yatapanda na kuuzamisha hapo hapo ulipofungwa.