Mkerewe Aliyeandika Kila Kitu

Wajukuu zangu, mkipanda meli Mwanza mtashuka Nansio, kwenye kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria. Huko ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896. Leo nataka mmjue mzee huyu, maana mengi tunayoyajua kuhusu maisha ya Wakerewe wa zamani tunayajua kwa sababu yeye aliyaandika.

Kitereza alikuwa wa ukoo wa watawala, na utotoni alikaa kwenye boma la Omukama, yaani mfalme wa Wakerewe. Mahali kama hapo hapakosi watu. Huyu kaleta kesi, yule kaja kusalimia, wazee wamekaa wanakumbushana ya kale. Mtoto mwenye masikio mazuri anaokota mengi. Baadaye akasoma kwa mapadri wa misheni ya Kagunguli, kisha akavuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza hata Kilatini.

Alipokuwa mtu mzima aliona jambo lililomuuma. Wazee waliojua mambo ya kwao walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na vijana walikuwa wanajifunza mambo mengine kabisa. Padri mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, akamhimiza aandike. Kitereza akaandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, na mwaka 1945 akamaliza.

Sasa mtaniuliza: aliandika majina ya wafalme na vita vyao? Hayo aliyajua vizuri sana. Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani aliyekuja Ukerewe miaka ya 1960 kuchunguza biashara ya zamani ya Wakerewe, alimtegemea. Lakini katika kitabu chake kikubwa Kitereza alichagua watu wa kawaida, mume na mke: Myombekere na Bugonoka. Wanapendana, ila hawajapata mtoto, na ndugu wa mume wanamsimanga mke. Wazazi wa Bugonoka wakasikia, wakachukia, wakamrudisha binti yao nyumbani.

Myombekere afanye nini? Anakwenda kwa wakwe kuomba radhi. Wakwe wanamtoza faini ya mitungi ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema tu kwamba pombe ikatengenezwa na mke akarudi. Kitereza hana haraka hiyo. Anataka uione kazi yenyewe. Na kazi ya pombe ya ndizi si ndogo: ndizi zivundikwe mpaka ziive, zimenywe, zikamuliwe kwa majani mpaka juisi itoke, uchanganywe unga wa mtama uliokaangwa, kisha iachwe ichache. Mtu mmoja haiwezi. Lazima majirani waje. Hapo ndipo unapotambua jinsi watu walivyoishi: nani alimsaidia nani, mkwe alisalimiwaje, chakula kiligawiwaje, mgonjwa alitafutiwa dawa wapi. Mambo haya hakuna mtu aliyeona haja ya kuyaweka kwenye vitabu vya historia, kwa kuwa kila mtu aliyajua. Mimi naona hapo ndipo penye akili kubwa ya Kitereza. Jambo linalojulikana na kila mtu ndilo linalopotea bila mtu kushtuka.

Naam, wale wawili mwishowe wanatibiwa na kupata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Kitereza mwenyewe na mkewe Anna hawakujaliwa kubaki na mtoto. Ukilijua hilo, kurasa za Bugonoka akisubiri mimba unazisoma kwa moyo mwingine.

Kuandika kulikuwa kazi. Kuchapisha kukawa kazi kubwa zaidi. Nani achapishe kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Miaka ikapita, mzee akaandamwa na maradhi ya viungo. Hakukitupa. Alikaa chini akakitafsiri chote mwenyewe kwa Kiswahili, zaidi ya kurasa 600, huku miaka yake ikiwa imepita 70. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakichapisha mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Inaniuma kila nikifika hapo, sitawaficha.

Baada yake kitabu kilisafiri. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza aliyoitoa moja kwa moja kwenye maandishi ya Kikerewe. Cha Kiswahili kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ulizeni maktaba. Mkikipata, unene usiwatishe: anzieni pale Myombekere anapojiandaa kwenda ukweni.