Grafu ya paneli nyingi

Grafu ya paneli nyingi ni mchoro wa takwimu uliogawanywa katika vyumba vidogo kadhaa, viitwavyo paneli, ambavyo vyote huonyesha kipimo kilekile kwa makundi tofauti, kwa mfano mikoa, wilaya, migodi au miaka. Kila paneli huwa na lebo inayotaja kundi lake, na hutengwa na jirani yake kwa mstari wa mpaka au kwa nafasi tupu. Siku hizi grafu za namna hii huchorwa mara nyingi kwa kuandika msimbo katika lugha za kompyuta kama R na Python. Mwandishi wa msimbo ndiye anayeamua maneno ya lebo na sura ya mipaka.

## Historia

Wazo la kupanga michoro midogo inayofanana kando kwa kando ni la zamani. Francis A. Walker alilitumia katika atlasi ya takwimu ya Marekani ya mwaka 1874, iliyotokana na sensa ya 1870. Katika karne ya 20 Edward Tufte alilieneza kupitia vitabu vyake, naye William Cleveland na wenzake katika maabara za Bell waliliingiza katika lugha ya S.

Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, ilirithi kazi hiyo kupitia kifurushi cha lattice cha Deepayan Sarkar. Mwaka 2007 Hadley Wickham alitoa kifurushi cha ggplot2, ambacho sasa kinatumika sana. Kwa upande wa Python, kifurushi kinachojulikana zaidi ni Matplotlib, kilichoanzishwa na John Hunter.

## Mfano: Geita, Shinyanga na Simiyu

Msimbo ufuatao wa R unachora idadi ya watu katika mikoa mitatu kulingana na sensa za 2012 na 2022:

```
library(ggplot2)

sensa <- data.frame(
  mkoa  = rep(c("Geita", "Shinyanga", "Simiyu"), each = 2),
  mwaka = rep(c(2012, 2022), times = 3),
  watu  = c(1739530, 2977608,
            1534808, 2241299,
            1584157, 2140497)
)

grafu <- ggplot(sensa, aes(x = factor(mwaka), y = watu / 1e6)) +
  geom_col(fill = "goldenrod") +
  facet_wrap(~ mkoa, nrow = 1) +
  labs(x = "Mwaka wa sensa", y = "Watu (milioni)")

grafu
```

Amri ya `facet_wrap()` ndiyo inayogawa mchoro katika paneli. Matokeo yake ni paneli tatu katika safu moja, kila moja ikiwa na nguzo mbili. Msomaji anaona mara moja kwamba nguzo za Geita zimepanda kuliko za majirani: katika miaka kumi mkoa huo uliongezeka kwa takriban asilimia 71, Shinyanga asilimia 46, na Simiyu asilimia 35.

## Kubadili lebo

Bila maelekezo mengine, ggplot2 huandika katika lebo jina lilelile lililomo kwenye data. Jina hilo likiwa ni kifupisho au namba ya siri, msomaji hataelewa. Njia rahisi ya kulibadili ni kutengeneza orodha ya majina na kuipitisha kwenye kigezo cha `labeller`:

```
majina <- c(
  "Geita"     = "Mkoa wa Geita",
  "Shinyanga" = "Mkoa wa Shinyanga\n(mipaka ya 2012)",
  "Simiyu"    = "Mkoa wa Simiyu"
)

grafu + facet_wrap(~ mkoa, nrow = 1,
                   labeller = as_labeller(majina))
```

Alama `\n` huvunja mstari, hivyo lebo ndefu haikatwi pembeni. Tahajia ya upande wa kushoto lazima ilingane kabisa na ile ya data, hata kwa herufi kubwa na ndogo.

Majina yenye ritifaa yanahitaji uangalifu. Mtu anayechora wilaya za Mkoa wa Geita, yaani Geita, Bukombe, Chato, Mbogwe na Nyang'hwale, akizungushia jina la mwisho alama moja ya kunukuu, kompyuta itadhani neno limeishia kwenye "Nyang" na itatoa kosa. Dawa yake ni kutumia alama mbili: `"Nyang'hwale"`.

Paneli hupangwa kwa alfabeti. Kwa mpangilio mwingine, kwa mfano kuanzia mkoa wenye watu wengi, safu ya data hugeuzwa kuwa `factor` na mpangilio hutajwa katika `levels`. Paneli pia zinaweza kupewa lebo mbili kwa kuandika `~ mkoa + mgodi`. Hii inafaa kwa data za machimbo, kwa mfano mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Kahama katika Mkoa wa Shinyanga.

## Kubadili mipaka

Sura ya paneli hupangwa ndani ya amri ya `theme()`:

```
grafu +
  theme_bw() +
  theme(
    strip.text       = element_text(face = "bold", size = 11),
    strip.background = element_rect(fill = "grey90",
                                    colour = "black"),
    panel.border     = element_rect(fill = NA,
                                    colour = "black",
                                    linewidth = 0.6),
    panel.spacing    = unit(0.8, "lines")
  )
```

* `strip.text` ni maandishi ya lebo: ukubwa, rangi na unene wake.
* `strip.background` ni ukanda ulio nyuma ya lebo. Ukiandika `element_blank()`, ukanda huondoka na maneno hubaki.
* `panel.border` ni fremu inayozunguka paneli.
* `panel.spacing` ni nafasi kati ya paneli na paneli.

Makosa matatu hujirudia kwa wanaoanza. La kwanza ni kusahau `fill = NA`. Fremu huchorwa juu ya data, kwa hiyo ikiwa na rangi ndani yake hufunika nguzo zote na paneli huonekana tupu. La pili ni kuweka `theme_bw()` baada ya `theme()`. Mtindo kamili ukija mwisho hufuta marekebisho yote yaliyotangulia. La tatu ni la matoleo: tangu toleo 3.4.0 unene wa mstari huandikwa `linewidth`, ilhali misimbo ya zamani hutumia `size`.

Mstari wa ukanda wa lebo ukionekana mwembamba kuliko fremu ya paneli, sababu yake ni kwamba nusu ya nje ya mstari imekatwa. Kuongeza `strip.clip = "off"` huurudisha.

## Vipimo vya mhimili

Kwa kawaida paneli zote hutumia kipimo kimoja cha mhimili wa wima. Kigezo cha `scales = "free_y"` huruhusu kila paneli iwe na kipimo chake. Katika mfano wa hapo juu, nguzo ya Simiyu ya watu milioni 2.14 ingefikia karibu urefu uleule na ya Geita ya milioni 2.98, na tofauti kubwa ingepotea machoni. Vipimo huru vinafaa pale tu ambapo lengo ni kuonyesha mwelekeo ndani ya kila kundi, na ni vema jambo hilo litajwe katika maelezo ya grafu.

## Lebo na mipaka ya mikoa

Lebo inaweza kuwa sahihi kwa tahajia na bado ikapotosha. Mnamo Machi 2012 mikoa mipya ya Geita na Simiyu ilianzishwa rasmi. Geita ilipata Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, na Chato kutoka Kagera. Simiyu ilichukua Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Mwanza.

Kwa sababu hiyo, sensa ya 2002 ilihesabu takriban watu milioni 2.8 katika Mkoa wa Shinyanga, na ile ya 2012 ikahesabu milioni 1.5. Grafu yenye paneli iliyoandikwa "Shinyanga" tu, ikiwa na nguzo za 2002, 2012 na 2022, itamfanya mwanafunzi aamini kwamba zaidi ya watu milioni moja walihama au kufariki. Hakuna kilichotokea ila mipaka kuchorwa upya.

Kuna njia mbili za kuepuka kosa hilo. Ya kwanza ni kujumlisha upya takwimu za 2002 kwa kutumia wilaya na kata zilizobaki ndani ya mkoa wa sasa. Ya pili ni kutenga paneli mbili, moja ikiwa na lebo "Shinyanga (kabla ya 2012)" na nyingine "Shinyanga (tangu 2012)".

## Katika vifurushi vingine

Katika lattice, lebo hubadilishwa kwa `strip = strip.custom(factor.levels = ...)`, na rangi ya ukanda kwa `par.settings`.

Katika Matplotlib, paneli hutengenezwa kwa `plt.subplots(1, 3, sharey=True)`, ambapo `sharey` hulazimisha kipimo kimoja. Lebo ya kila paneli huwekwa kwa `set_title()`. Mpaka wake ni mistari minne inayoitwa `spines`, na kila mmoja hushughulikiwa peke yake:

```
for upande in ax.spines.values():
    upande.set_linewidth(1.2)
```

Grafu itakayotolewa nakala kwa mashine ya rangi nyeusi, kama ilivyo kawaida shuleni, ni bora iwe na fremu nyeusi na ukanda wa kijivu hafifu, kwa kuwa kwenye nakala rangi mbili tofauti zenye kina sawa huwa kijivu kimoja.