Unajenga? Tengea Taka Nafasi Kwenye Ramani

Mpangaji wa orofa ya tatu ametenganisha taka jikoni: maganda mfuko mmoja, chupa na karatasi mfuko mwingine. Anaposhuka hadi langoni anakuta pipa moja tu, naye anatupa yote humo. Kazi yake imepotea bure, na mwokotaji taka atalazimika kuingiza mikono kwenye uchafu huo kutafuta chupa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na ziwekwe katika vyombo vyenye maandishi na rangi za kuzitofautisha. Vyombo hivyo vinahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo ni rahisi kupatikana jengo likiwa bado kwenye karatasi.

Wajenzi wa majengo ya kijani, yaani yanayotunza mazingira, hulizingatia jambo hili mapema. Chini ya mfumo wa LEED, ulioanzia Marekani, jengo jipya la ofisi halipati cheti bila kutenga mahali pa kukusanyia karatasi, katoni, vioo, plastiki na vyuma.

Ikiwa unajenga nyumba za kupangisha, mwombe msanifu wako azingatie haya:

• Chumba cha taka kiwe orofa ya chini, karibu na lango, ili lori au mkokoteni ufike bila shida.
• Kiwe na paa, kwa kuwa katoni na karatasi zikilowa hupoteza thamani.
• Sakafu iwe ya saruji, pawe na mfereji wa maji na mtaro wa kusafishia. Hewa ipite, na wavu uzuie panya.
• Betri, balbu na vifaa vibovu vya umeme viwe na sehemu yake inayofungwa.
• Mapipa yasiwekwe kwenye ngazi. Moto ukizuka, hiyo ndiyo njia ya kutorokea.

Ukubwa wa chumba utategemea idadi ya nyumba na siku ambazo taka huchukuliwa. Zikichukuliwa mara moja kwa wiki, chumba kitoshe taka za siku saba na ziada kidogo, maana lori huweza kuchelewa.

Na kama jengo lako lilishakamilika? Kibanda kidogo chenye paa na mapipa mawili uani kinatosha kuanzia. Waeleze wapangaji kila pipa ni la nini, kisha ukubaliane na mchukuzi wa taka asizichanganye tena garini.