Kibati Kinachotoka Ardhini

Anayezunguka mashambani na mashine ya kutafutia metali huokota zaidi misumari na vizibo vya soda. Siku akibahatika kupata kibati cha utambulisho cha askari, mkono humwasha kukisugua. Ajizuie. Zinki iliyoliwa na udongo hubakiza herufi kwenye utando wa juu tu. Msasa huondoa uchafu pamoja na ushahidi.

Umbo na metali husomwa kabla ya maandishi. Kibati cha umbo la yai, chenye mianya katikati na maneno yaleyale juu na chini, ni cha Mjerumani wa Vita Vikuu vya Pili. Jina lake usilitafute, halimo. Kuna kikosi kilichompa kibati, namba yake na mara nyingi kundi la damu; majina yalikuwa kwenye orodha zilizopelekwa Berlin, na kumbukumbu hizo sasa ziko chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani. Askari akifa, nusu moja ilivunjwa ikapelekwa ofisini, ya pili ikazikwa naye. Ukipata nusu, basi, huenda mwenyewe yuko hapohapo. Kikiwa kizima, ama kilidondoka, ama hakuna aliyesalia wa kukivunja.

Mmarekani wa vita hivyohivyo huongea zaidi. Kibati chake ni cha mstatili wenye ncha za mviringo, na kina jina, namba, damu na dini. T42 ni chanjo ya pepopunda ya mwaka 1942. Namba inayoanza na 3 ni ya aliyeitwa jeshini kwa lazima. Ya 1 ni ya aliyejitolea. Kikiwa na jina na anwani ya ndugu, kilipigwa chapa kabla ya katikati ya 1943. Pengo dogo ukingoni lilikishika kwenye mashine ya chapa. Wapo wanaoapa kwamba lilikuwa la kupachikwa kwenye meno ya maiti. Uongo huo unasisimua kuliko ukweli, ndiyo maana haufi.

Mwingereza ndiye mtihani. Mwaka 1907 alipewa kisahani cha alumini, lakini tangu 1914 kikaja cha nyuzi zilizoshindiliwa, na kuanzia 1916 viwili: cha kijani cha kubaki na maiti, chekundu cha kuchukuliwa. Nyuzi huoza, na mashine ya metali haizisikii kamwe. Uwanja usiolia haumaanishi kwamba hakuna aliyelala pale.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, kimya hicho ni kirefu zaidi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipita Taveta na Salaita, vikashuka hadi kusini mwa Tanganyika, na mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi. Ripoti ya 2021 ya kamati maalumu ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikadiria kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Baada ya vita, serikali ya Kenya ilipata ghafla ari ya kuandikisha: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikasha cha metali kilichoning'inizwa shingoni. Ukichimbua kikasha kidogo chenye pete ya kupitishia kamba, usikimbilie kukiita cha askari. Huenda kilivaliwa na kibarua, na karatasi iliyomtaja imekwisha kuoza.

Kwa hiyo kibati ni shahidi wa daftari la ofisi kwanza, halafu wa mtu. Ukikipata, kipige picha mahali kilipolala, andika kina na eneo, usikiuze. Ukiona mfupa, acha kuchimba na uwaite polisi na watu wa makumbusho. Kibati kikihamishwa bila maelezo hayo, hata jina lililosomeka vizuri haliwezi tena kumrudisha mwenyewe kwenye kaburi lake.