Binti Akialikwa Studio, Jina Lake Liandikwe



Siku hizi kijana mwenye kompyuta, mikro na chumba kidogo anaweza kutengeneza albamu nzima nyumbani, umeme ukikubali. Wengi wanapenda muziki wa kutuliza: ngoma ya polepole, kinanda laini, pengine mlio wa mvua kwa mbali. Watu wanausikiliza usiku, wakipumzika. Lakini kompyuta haina koo. Mwenye kuutengeneza anaalika waimbaji, huyu kwa wimbo mmoja, yule kwa mwingine. Ndipo anapokuja kutafuta mabinti wetu wa korali.

Mama anauliza: unaenda na nani, utarudi saa ngapi? Ni maswali ya lazima. Lakini kuna moja tunalolisahau: sauti yake ikishaingia ndani ya mashine, itakuwa ya nani?

Tumsikie mwanamke mmoja wa mbali. Aliitwa Afunakwa, wa kabila la Baegu, katika visiwa vya Solomon. Karibu mwaka 1970, mtaalamu wa muziki Hugo Zemp alimrekodi akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Ndani ya wimbo ule, yaya anamtuliza mdogo wake anayelia kwa sababu ya kufiwa na mzazi. Sauti hiyo ilitoka katika sahani za UNESCO, kwa ajili ya watu wanaochunguza muziki wa mataifa.

Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walitoa albamu yao Deep Forest. Waliichukua sauti ya Afunakwa, wakaitandikia ngoma na vinanda vya kompyuta, wakauita wimbo huo Sweet Lullaby. Ulipendwa dunia nzima, ukasikika hata katika matangazo ya biashara. Kwa kuwa albamu ilisema juu ya watu wa misitu, wasikilizaji wengi waliamini kwamba ni sauti ya Afrika ya kati, ya watu wa msitu wetu. Afunakwa hakuulizwa, na jina lake halikuandikwa. Mama alimwimbia mtoto, wengine wakavuna shamba, na hata nchi yake ikapotea.

Sasa turudi kwetu Kongo. Mwaka 2011 mwimbaji Mwingereza Damon Albarn alifika Kinshasa pamoja na watengenezaji wengine wa muziki. Kwa siku 5 walifanya kazi na wasanii wa pale zaidi ya 50. Ikatoka albamu Kinshasa One Two, kwa nyumba ya muziki Warp, na mapato yakaelekezwa kwa kazi za shirika Oxfam katika Kongo. Si nyimbo zote zinazotuliza. Zingine zinagonga kama mtaa wa Kinshasa saa ya jioni. Lakini njia ni ile ile: wageni na mashine zao, wenyeji na sauti zao.

Tofauti iko katika orodha ya nyimbo. Pembeni ya kila wimbo, wale waliosikika wameandikwa: Nelly Liyemge, Bebson, Bokatola System, Jupiter Bokondji na wengine. Kuna hata wimbo unaoitwa Virginia, na kati ya waliouimba ni mwanamke mwenye jina hilo, Magakala Virginia Yollande. Anayempenda anajua amtafute nani. Jupiter naye aliendelea na kikundi chake Okwess, akatoa Hotel Univers mwaka 2013 na Kin Sonic mwaka 2017.

Sisi wa Katanga tunalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, leo Likasi, akamrekodi na gita lake. Jina la Bosco lilisafiri pamoja na nyimbo zake za Kiswahili. Ndiyo sababu hata leo mtu wa ng'ambo anayejifunza gita anasema: hii ni ya Mwenda wa Katanga.

Basi binti akialikwa, tusimkataze bure, wala tusimwache aende mikono mitupu. Mbele ya kuimba, mambo haya yasemwe na kuandikwa, hata kwenye karatasi ya daftari, yenye tarehe, na sahihi za pande mbili na shahidi:

Jina lake litaandikwaje, na wapi? Liwe pembeni ya wimbo, si katika shukrani za mwisho tu.

Analipwa mara moja, au anapata fungu kila wimbo unapoingiza feza? Kama ni kazi ya huruma isiyo na malipo, isemwe mapema, naye akubali mwenyewe.

Sauti yake inaweza kutumiwa katika wimbo mwingine, tangazo la biashara au kampeni ya uchaguzi? Kama hapana, iandikwe hapana.

Kama bado ni mtoto, mzazi aende naye na atie sahihi.

Nakala moja ibaki nyumbani. Ipigeni picha kwa telefone, maana karatasi inalowa mvua na panya wanaila.

Sheria iko upande wetu. Tangu tarehe 5 Aprili 1986, sheria namba 86-033 inalinda haki za watungaji, na pia za wale wanaoimba kazi za wengine. SOCODA ndilo shirika la kukusanya haki hizo. Mwenye kutunga aulizie namna ya kujiandikisha.

Kijana mwenye studio akisema, "Mama, sisi ni ndugu, karatasi ya nini?", mjibu kwa upole. Hata ndani ya likelemba, kati ya marafiki wa miaka mingi, tunaandika jina la kila mmoja na zamu yake. Hatuandiki kwa sababu ya kudharauliana. Tunaandika ili urafiki udumu.